Dada wa Miwani Mbele ya Sinema

Duka langu la picha la Ruwi, hapa Maskati, nimelifunga, na wapiga picha vijana wanaonijia nyumbani hawataki kuamini. Wananiuliza nitafanya nini sasa. Nnawaambia nitakaa. Wanacheka, wanadhani nnafanya mzaha. Thuraya, binti wa jirani yangu, ambaye kazi yake ni kuhifadhi picha za kale, ndiye aliyenishurutisha niandike. "Ami Saidi," kaniambia, "andika ulivyofanya kazi, usiandike ulivyokuwa mkubwa." Mkubwa sikuwahi kuwa, kwa hivyo hapo hapakuwa na taabu. Taabu ni kwamba mwaka huu wa kupumzika umenivuruga akili. Mambo niliyodhani nnayajua nimeona siyajui, na kubwa kuliko yote ni picha moja. Nitaifikia. Kwanza nianze nilipoanza.

Nilianza Unguja, ndevu ndiyo kwanza zinatoka, kwa Bwana Fransis, Mgoa mmoja mwenye studio ndogo Mji Mkongwe. Siku ya kwanza hakunipa kamera. Alinionyesha kiti cha wateja, akasema, "Keti." Nikaketi. Yeye akaingia ndani, akakaa huko mpaka nikaanza kujikuna. Aliporudi akaniuliza, "Umejionaje?"

"Nimejiona mjinga, bwana."

"Basi kila atakayeketi hapo atajiona hivyo hivyo. Usimcheleweshe."

Hilo ndilo darasa langu la kwanza, na nyinyi vijana mnaomweka bwana harusi juani hata jasho likampita kwenye kanzu, mngelipata mapema mngelinusuru watu wengi.

Wateja wa studio walikuwa haba, ndipo Bwana Fransis akanitoa nje na kamera ya kukunja, nzito kama tofali, nitembee mitaani. Filamu moja ilikuwa na picha kumi na mbili, na yeye alitaka zote ziwe za watu, si za watu na vidole vyangu. Nilipiga kila kilichonipendeza: wauza kahawa, watoto wa chuo cha Kurani wakitoka mbio, mabibi wakinunua samaki huku wakigombana na muuzaji, Wahindi wenye maduka wamejiegemeza mlangoni saa ambayo hakuna mteja. Nikishampiga mtu nnampa kijikaratasi chenye nambari, kesho aje studio kuitazama. Ikimpendeza tunamsafishia. Wengi hawakuja. Lakini Bwana Fransis hakutupa filamu hata moja. Aliziweka katika makopo ya biskuti, akisema mtu anaweza kuja hata baada ya miaka. Nilimwona kama mtu wa kukusanya takataka.

Mahali pazuri kuliko pote palikuwa nje ya sinema. Hapo Bwana Fransis alikuwa na kanuni moja, na aliirudia mpaka nikaichoka: "Usimpige anayeingia, mpige anayetoka. Akiingia ni karani. Akitoka ni nyota." Na kweli. Wakati ule zilikuja filamu za Kihindi na za Kimisri, na watu waliziingia mwilini kama nguo. Kijana aliyeingia na shati lake la kazini alitoka kola ameisimamisha, kitambaa kimefungwa shingoni, sigara mdomoni haikuwashwa. Anasimama mbele ya bango, anainamisha kichwa kama yule wa kwenye bango, na ukimwambia, "Bwana, nitazame," anakasirika, kwa sababu yule wa kwenye bango hatazami mtu.

Mchana mmoja katika wiki lilikuwapo onesho la wanawake peke yao. Siku hiyo mimi nilisimama upande wa pili wa barabara, chini ya kibanda cha duka la vitambaa, kamera nimeishusha. Hilo nalo Bwana Fransis alinifunza: mwanamke hapigwi mpaka aseme mwenyewe. Walitoka kundi zima, mabuibui meusi, vicheko, harufu ya udi na asumini ikavuka barabara kabla yao. Na kila mara walikuwapo wawili watatu wajasiri. Walivuka, wakaliteremsha buibui mpaka mabegani, wakasimama palepale ukutani penye bango. "Nipige upesi." Ninapiga, nnampa karatasi, anacheka, huyoo. Hao ndio hawakuja kuchukua picha zao kabisa. Picha wangeliiweka wapi?

Nilivyohamia Maskati ni khabari ndefu, na wengi wa wazee wenu walihama hivyo hivyo. Bwana Fransis, yeye alikwenda kwao Goa, akaniachia makopo ya biskuti. Nikaja nayo kwenye sanduku, na ndugu zangu wakanicheka: watu wamebeba dhahabu, mimi nimebeba nyuso za watu nisiowajua. Huku nilijiona nimepotea. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Nizwa aliyetaka picha ya pasipoti. Nilimwambia ainue kidevu, kumbe neno nililotumia lilikuwa la kumwambia asimame. Akasimama. Nikampiga kifua. Akasema kitu kirefu, nikaitika, "Naam, naam," na mpaka leo sijui niliitikia nini.

Nikazoea. Nilipiga mji ukichimbwa na kujengwa, barabara ya pwani ya Matrah ikitandikwa lami, watu wamesimama kutazama taa za barabarani zikigeuka rangi kama vile wanatazama sinema. Na sinema zenyewe zikaja Ruwi, nami nikasimama nje tena kama kijana. Sasa waliotoka walikuwa mafundi na vibarua wa Kihindi, nywele wamezichana zinametameta, nao wakajiegemeza kwenye mabango vilevile, wakapeleka picha kwao ili wake zao waone Maskati ilivyowatengeneza. Mguu wa mashine ya kukuzia picha ulipovunjika, hakuna aliyejua kuutengeneza. Nikaupeleka mtaa wa Ghala kwa fundi wa radieta. Aliuchomelea kwa nguvu hizo, umeishi kuliko mashine yenyewe.

Mke wangu, Zuwena, Mungu amrehemu, nilimuoa hapahapa Maskati, naye alitoka Unguja kama mimi. Tulipozoeana kidogo akaniambia, "Wewe unanijua. Ulinipiga picha mbele ya sinema."

"Lini?"

"Nilikuwa msichana. Nimevaa miwani ya jua, na nywele nimeziachia. Ulinipa karatasi, nikaitupa njiani kwa khofu ya mama."

Sikukumbuka. Nilimwambia nitaitafuta, na siku za Ijumaa nilikuwa nnafungua makopo, nnainua filamu dirishani, nnatazama vijisura vyeusi vyenye meno meusi, maana kwenye filamu kila kitu kimegeuka, cheupe ni cheusi. Watoto wakazaliwa, kazi zikazidi, nikaacha. Zuwena hakuacha. Kila nikimpiga picha sikukuu, shela limemfunika vizuri hadi kwenye nyusi, alikuwa akisema, "Hii siyo. Ile nzuri unayo wewe, umeificha." Alifariki miaka michache iliyopita, picha sijampatia.

Basi nilipofunga duka Thuraya akaja akachukua makopo, akazipitisha filamu zilizomo kwenye mashine yake, moja moja, mpaka zikatokea kwenye kompyuta angavu kama zimepigwa jana. Alitaka kufanya maonesho Matrah, picha za Unguja ile na Maskati hii. Mchana mmoja tumekaa kwake, mimi na binti yangu Ghania, tunatazama. Ikatokea. Msichana mbele ya bango, miwani myeusi, nywele zimemwagika upande mmoja, kidevu juu, buibui mabegani kama vazi la malkia. Ghania akashika mdomo.

"Baba! Mama huyo!"

Nami nikamwona. Nnawaambia kweli, nilimwona Zuwena kama nnavyoona karatasi hii. Nilitoka nje nikasimama barazani kwa Thuraya, nikalia, nikafuta uso, nikarudi. Thuraya akaichagua picha ile iwe kwenye tangazo la maonesho. Nikasafishiwa moja, nikaiweka chumbani karibu na kitanda.

Tangazo halijakaa sana, akanijia nyumbani bwana mmoja, Humudi, mtu wa makamo aliyestaafu serikalini, mpole, msemaji wa taratibu. Tukanywa kahawa, tukaulizana ukoo, tukakuta jamaa tunaojuana. Kisha akatoa simu, akanionyesha tangazo.

"Ami Saidi, samahani sana. Picha hii nnakuomba iondoshwe."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Huyu mama yangu."

Nilicheka, si kwa dharau. "Huyu marehemu mke wangu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akatoa picha nyingine, ya mama yake alipokuwa mke kijana. Nikaivalia miwani. Pua ile. Mdomo ule, unaotaka kucheka na haucheki. Nikakiweka kikombe chini.

"Mama yangu yu hai," akasema. "Ni hajjat, anafundisha wanawake mtaani. Hajaiona, na sitaki aione ukutani, kila mtu anapita na kutazama nywele zake. Wewe ndiwe uliyempiga, Ami. Wewe unajua kuwa si mkeo."

Hapo ndipo yaliponianza. Mimi ndiye niliyepiga, na sikujua. Nilimwambia anipe siku mbili tatu, akakubali kwa adabu ileile.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Katika studio nilijifunza kumtambua mtu kwa sikio. Uso unanenepa, unakonda, unazeeka, lakini sikio lina umbo lake, na mara nyingi limenisaidia watu walipochanganya picha za ndugu. Kwenye picha ile sikio moja lilikuwa wazi, dogo, ndewe yake imeshikana na shavu. Nikashusha albamu zote za nyumbani. Zuwena harusini, shela. Zuwena na watoto, shela. Zuwena bustanini Qurum, shela na upepo, na kwa mkono amelishika shela lisiruke. Hakuna sikio hata moja. Nikafumba macho nilikumbuke. Nimeishi na mwanamke yule nyumba moja, nimemwona akisuka nywele, akivaa vipuli, akilala, na nilipotaka kuliona sikio lake sikuona kitu. Nikampigia Ghania.

"Masikio ya mama yako yalikuwaje?"

"Baba, umekula leo?"

"Nijibu."

"Yalikuwa... masikio, baba. Ya kawaida. Mbona unanitia khofu?"

Picha ya chumbani nikaigeuza ukutani. Nikaigeuza tena inielekee. Asubuhi alikuwa Zuwena, alasiri alikuwa mama wa Humudi, na baina ya sala mbili alikuwa mgeni kabisa, msichana anayenicheka.

Mwisho nikamwambia Humudi, "Tusipigane na karatasi, na mwenyewe yupo. Tumuulize." Alikataa kwanza. Nikamwambia mama yake hakuwa na haya wakati ule, labda na sasa hana. Nilijua nimesema vibaya neno lilipokwisha toka, lakini yeye akatabasamu, mara ya kwanza, akasema, "Hilo ndilo nnaloliogopa."

Tulikwenda Khuweir, nyumbani kwake, saa za asubuhi. Mama yake, Bi Salma, alikuwa ameketi majlisi, chumba cha wageni, mwembamba, amejifunika vizuri, mbele yake haluwa na kahawa. Humudi akambusu kichwa, akamweleza mimi ni nani, akampa picha. Bi Salma akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaitazama.

"Huyu mimi," akasema.

Humudi akanitazama. Nami nikatazama zulia.

"Miwani hii kaka yangu aliileta kutoka Bombei. Wallahi, mimi huyu. Tulikuwa tumetoka onesho la mchana, wenzangu wakanambia huwezi kuvuka. Nikavuka." Akanielekea. "Kumbe ulikuwa wewe, yule kijana mwembamba mwenye shati kubwa?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Umeharibika."

"Nimeharibika, bibi."

Akacheka, mwanawe akacheka kwa kulazimika. Nikakusanya nguvu, nikamuuliza, "Siku hiyo ulikuwa na nani?"

"Wasichana wa mtaa mzima. Na kila mmoja aliitaka miwani yangu. Akivuka mmoja akirudi, anampa mwenzake. Na nywele tulizimwaga hivi sote, upande huu, kwa sababu yule mchezaji wa filamu ile alizimwaga upande huu."

"Alikuwapo Zuwena? Wa karibu na mtaa wa Malindi, baba yake muuza mbata?"

Bi Salma akaacha kutafuna haluwa. Akaichukua tena picha. Safari hii aliitazama muda mrefu zaidi, na uso wake ukabadilika, ukawa kama wangu ulivyokuwa siku zote zile.

"Zuwena alikuwapo," akasema polepole. "Zuwena alivaa miwani hii. Lahaula. Mimi nimeijua miwani. Uso..." Akainamisha picha kwenye mwanga. "Sijui."

"Mama!" Humudi akasema. "Unajijua au hujijui?"

"Nilikuwa nnataka nionekane kama yule mchezaji, Humudi. Sote tulitaka. Na huyu bwana alijua kazi yake, akatutoa sote kama mchezaji. Sasa mimi nitajijuaje?"

Nilikuwa nnamtazama pembeni ya shela, na akanikamata. "Unanitazama nini wewe?"

Nikaona aibu, nikamweleza khabari ya sikio. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Masikio yangu nimeyatundika vipuli vizito tangu niolewe. Yamekuwa marefu kama ya punda. Hayo hayatokusaidia."

Basi tukakaa watu watatu, katikati yetu picha moja, mpigaji hajui aliyempiga, aliyepigwa hajui kama ni yeye. Humudi ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Ikiwa haijulikani, si bora zaidi isitundikwe?"

"Kwani unaogopa nini?"

"Watu watasema, mama."

"Watasema nini? Kuwa mama yako alikuwa mzuri? Na ukiona haya, waambie ni mke wa mpiga picha." Kisha akanipa picha, akaifunika mikono yangu kwa karatasi ile bila kunigusa. Sauti yake ikashuka. "Mchukue, Bwana Saidi. Mimi bado nipo, nnajiona kila asubuhi kwenye kioo. Wewe wako humuoni tena. Awe wako."

Nikaipokea, nikaiweka kifuani. Humudi aliondoka kidogo, akasimama dirishani, ametugeuzia mgongo. Aliporudi akanimiminia kahawa mwenyewe, akasema tu, "Tafadhali, Ami, isiandikwe jina." Nikamwambia haitoandikwa.

Maonesho yalifunguliwa Matrah. Thuraya aliitundika mwisho wa ukumbi, na chini yake kaandika: Mbele ya sinema, Unguja. Watu walijaa, wakubwa kwa wadogo, na nnawaambia kitu kilichonimaliza: kila baada ya muda anasimama mtu mbele yake, anasema kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, "Huyu shangazi yetu," "Huyu bibi wa fulani." Mmoja aliniapia kabisa. Mama mmoja wa Bara, anayefanya kazi katika nyumba moja ya Qurum na amekuja na bosi wake, alisimama mbele yake akasema kwa upole, "Anafanana na mama yangu, baba. Ila mama hajawahi kufika Unguja." Nikamwambia hilo halimzuii. Akacheka, akaipiga kwa simu yake, akaenda nayo.

Humudi alikuja na Bi Salma kwenye kiti cha magurudumu. Wakatua pale mbele, yeye na mamaye. Ndipo akaja kijana mmoja wa Kiomani asiyejua Kiswahili, na kamera nzuri kifuani, akaniuliza kwa Kiarabu kama mimi ndiye mpiga picha. Nikaitika. Akaelekeza kidole.

"Na huyu ni nani?"

Bi Salma aligeuza kichwa kunisikiliza. Humudi naye. Ghania alikuwa nyuma yangu, nikahisi mkono wake umenishika kanzu.

"Mke wangu," nikasema.

Kijana akaitazama tena, akasema mashallah, akatuombea heri. Bi Salma akanyanyua kidole chake kimoja, kidogo tu, kama mtu anayekubali bei sokoni. Nyinyi vijana, mimi nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, na mpaka sasa nnapoandika sijui kama nilimwambia kweli yule mtoto. Lakini nililala vizuri, na picha chumbani sijaigeuza tena.